Mwongo Mwenye Ushahidi: Historia ya Shirika la Habari la ISN katika Babylon 5

1.0 Utangulizi

Methali ya Kiswahili inasema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Hekima ya methali hii imesimama juu ya dhana kwamba uongo na ukweli husafiri kwa njia mbili tofauti, na kwamba anayeishika njia ya uongo hatimaye hufika mahali ambapo hapana njia tena. Katika fasihi simulizi dhana hii haina taabu, kwa kuwa msimulizi na hadhira hukaa pamoja, na mwongo huweza kuulizwa papo hapo. Lakini je, methali hii hubakia na nguvu gani pale mwongo anapokuwa shirika zima la utangazaji, lenye kamera, wahariri na wasomaji habari, na ambalo karibu kila picha linayoionyesha ni picha ya tukio lililotokea kweli?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kufuatilia historia ya Interstellar Network News, shirika la habari la kubuni lijulikanalo kwa ufupisho wa ISN, katika tamthilia ya televisheni ya Marekani iitwayo Babylon 5. Mtunzi wake, J. Michael Straczynski, aliwahi kufanya kazi ya uandishi wa magazeti kabla ya kujitosa katika televisheni. Filamu ya kuitambulisha tamthilia hiyo ilionyeshwa mwaka wa 1993. Mfululizo wenyewe ulianza mwaka wa 1994 na kumalizika mwaka wa 1998, baada ya misimu mitano yenye sehemu 110, nyingi zikiwa zimeandikwa na Straczynski mwenyewe. Jambo hili la umoja wa mkono ulioandika lina uzito kwa mhakiki. Tamthilia nyingi za televisheni za wakati huo zilikuwa mkusanyiko wa visa vilivyojitegemea, ilhali Babylon 5 ilisukwa kama riwaya ndefu, na kwa hiyo inaruhusu kusomwa kama riwaya: mbegu inayopandwa mapema hutarajiwa kuota baadaye.

Matukio makuu yanatokea kati ya mwaka wa 2258 na wa 2262, katika kituo cha angani kilichojengwa ili mataifa ya viumbe mbalimbali yakutane kuzungumza badala ya kupigana. Binadamu wamenusurika kuangamizwa katika vita dhidi ya Waminbari takriban miaka kumi kabla. Rais wa Dunia anauawa, makamu wake Clark anashika madaraka, na polepole serikali inageuka kuwa ya kiimla. Mwaka wa 2260 kituo hicho, kikiongozwa na Kapteni John Sheridan, kinajitenga. Mwaka wa 2261 vita vya wenyewe kwa wenyewe vinamwondoa Clark.

Ni rahisi kuisoma historia ya ISN sambamba na matukio hayo, kama ngano ya hatua tatu: shirika huru, shirika lililotekwa, shirika lililokombolewa. Makala haya yanadai kwamba usomaji huo hautoshelezi. ISN ya kiimla haikuzua mbinu mpya. Ilirithi mbinu za ISN huru na kuzitumia hadi mwisho wake. Kinachobadilika ni bwana. Fani inabaki ile ile.

2.0 Usuli wa motifu

Bunilizi za kisayansi zilianza kuushuku utangazaji mapema. Tarehe 30 Oktoba 1938 Orson Welles na kikundi chake walitangaza katika redio ya CBS mchezo uliotokana na riwaya ya H. G. Wells kuhusu uvamizi wa viumbe kutoka Mirihi. Sehemu kubwa ya mchezo huo iliigiza taarifa za habari zinazokatiza muziki. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba hofu iliyosemekana kuikumba nchi nzima ilikuzwa mno na magazeti. Hata hivyo, somo la kifani lilibaki: taarifa ya habari ni utanzu wenye kanuni zake, na anayezijua kanuni hizo aweza kuvisha vazi la habari jambo ambalo halikutokea.

George Orwell, katika riwaya yake Nineteen Eighty-Four ya mwaka wa 1949, aliupeleka ushuku huo mbali zaidi. Orwell alikuwa ametangaza katika idara ya mashariki ya BBC kati ya mwaka wa 1941 na wa 1943, wakati wa vita, na alijua kutokana na kazi hiyo jinsi maneno yanavyopimwa kabla ya kurushwa hewani. Kiwambo cha riwaya yake kinamtangazia raia na papo hapo kinamchungulia. Uongo wa Orwell, hata hivyo, ni wa kufuta na kuandika upya: mhusika mkuu ameajiriwa kubadilisha magazeti ya zamani ili yalingane na matakwa ya leo.

Hatua ya tatu ni Max Headroom, filamu ya televisheni ya Uingereza ya mwaka wa 1985 iliyozaa mfululizo wa Marekani mwaka wa 1987. Humo shirika liitwalo Network 23 halitawaliwi na chama bali na biashara. Matangazo yake ya biashara yamekandamizwa katika sekunde chache ili mtazamaji asipate nafasi ya kubadilisha kituo, na yanawaua baadhi ya watazamaji. Tishio hapa halimo katika habari zinazosemwa. Limo katika kile kinachopenyezwa kati ya habari na habari.

ISN inairithi mikondo hii mitatu: kanuni za utanzu kutoka kwa Welles, mkono wa dola kutoka kwa Orwell, na nafasi za katikati kutoka kwa Network 23. Aidha, inarithi hali halisi ya zama zake. CNN ilianza kutangaza habari saa ishirini na nne mnamo Juni 1980, na Vita vya Ghuba vya mwaka wa 1991 vilionyeshwa sebuleni moja kwa moja. Mtazamaji wa kwanza wa Babylon 5 alikuwa mtu aliyekwisha kuzoea kuamini kwamba kuona vita katika kioo ni kuwepo vitani.

3.0 ISN huru: mbegu za mwaka wa 2259

Katika msimu wa kwanza ISN ni sauti ya nyuma tu. Wahusika huitazama kama watu wote watazamavyo habari, na mtazamaji hupata kupitia kwake mambo yanayotokea mbali na kituo. Mwishoni mwa msimu huo, katika sehemu iitwayo "Chrysalis" ya mwaka wa 1994, ni ISN inayoonyesha kulipuka kwa chombo cha Rais na kuapishwa kwa Clark. Hakuna anayetilia shaka picha hizo, na kweli si za uongo. Lakini zinaonyesha mlipuko bila kumwonyesha aliyeusababisha. Picha inasema kweli na bado inaficha.

Sehemu iliyo muhimu zaidi kwa hoja hii ni "And Now for a Word" ya mwaka wa 1995. Karibu sehemu nzima imeundwa kama kipindi maalumu cha ISN: mwandishi wa habari Cynthia Torqueman anafika kituoni na kuripoti saa thelathini na sita za maisha yake, wakati mgogoro kati ya Wanarn na Wasentauri unapofikia hatua ya kurushiana risasi. Mtazamaji hamwoni mhusika yeyote isipokuwa kupitia kamera ya Torqueman. Msimulizi maizi wa kawaida ameondolewa, na nafasi yake imechukuliwa na msimulizi mwenye shirika, ratiba na matangazo ya biashara.

Torqueman si mwongo. Anawahoji wahusika wa pande zote na anawaacha waseme. Hata hivyo mahojiano yake na Balozi Delenn yanastahili kuangaliwa kwa makini. Delenn ni Mminbari ambaye amepitia mageuzi ya mwili, na sasa anafanana kwa kiasi na binadamu. Alifanya hivyo kwa nia ya kujenga daraja kati ya jamii mbili zilizopigana. Torqueman anamtaka awajibu jamaa za binadamu robo milioni waliouawa vitani, ambao sasa wanamwona mmoja wa maadui amevaa sura ya wafu wao. Delenn analia mbele ya kamera.

Swali hilo halina uongo ndani yake. Wafu wapo, sura ipo, machozi yapo. Lakini swali limeundwa ili kuleta machozi, si ili kuleta jibu, na kipindi kinayatumia machozi hayo kama kilele chake. Nia ya Delenn, ambayo mtazamaji wa tamthilia anaijua kutokana na sehemu zilizotangulia, haina nafasi katika kipindi cha Torqueman kwa sababu haiwezi kupigwa picha. Hapa ndipo ISN huru inapojifunza kwamba mwili wa Delenn ni habari. Miaka miwili baadaye ya hadithi, ISN ya Clark italitumia somo hilo bila kulibadilisha.

Mbegu ya pili imo katika mapumziko ya kipindi. Linaonyeshwa tangazo la taasisi iitwayo Psi Corps, inayowasimamia watu wenye kipawa cha kusoma mawazo. Ni tangazo la upole, lenye kuwaalika vijana na kuwatuliza wazazi. Katikati yake maandishi yanayomhimiza mtazamaji kuiamini taasisi hiyo yanapita kwa fremu chache, upesi mno kwa jicho lisilotahadhari. Ni muhimu kukumbuka kwamba hii bado ni ISN huru. Hapajawa na sheria ya kijeshi wala mwanajeshi katika studio. Nafasi imeuzwa, na aliyeinunua ameitumia kuingia katika mawazo ya watu kwa mlango wa nyuma. Usomaji wa hatua tatu hauwezi kulieleza tangazo hili, kwa sababu kulingana na usomaji huo ISN ya wakati huo haijapotoka.

4.0 Kukatizwa kwa matangazo

Katika sehemu ya "Severed Dreams" ya mwaka wa 1996, iliyotunukiwa tuzo ya Hugo mwaka uliofuata, Clark amekwisha kutangaza sheria ya kijeshi. Msomaji habari wa ISN anaamua kuyasema hewani mambo ambayo shirika limekatazwa kuyasema, yakiwemo makoloni yanayojitenga na serikali ya Dunia. Milio ya mashambulizi inasikika katika studio yenyewe, kisha kioo kinajaa chengachenga.

Tukio hili lina wenzake katika historia. Usiku wa tarehe 13 Januari 1991 majeshi ya Kisovieti yaliuteka mnara wa televisheni na jengo la utangazaji mjini Vilnius, Lithuania. Matangazo yaliendelea mpaka wanajeshi walipoingia ndani, na raia 14 walipoteza maisha. Baada ya Vilnius kunyamaza, kituo kidogo katika mji wa Kaunas kilichukua jukumu la kuendelea kutangaza. Mfanano huu si ushahidi wa chanzo. Unathibitisha tu kwamba Straczynski hakuhitaji kubuni mengi: mtawala wa mabavu huanza na mnara kwa sababu anajua kwamba raia wamezoea kuutazama.

Kwa upande wa fani, tukio la studio lina sifa ya pekee. Ni wakati mmoja katika historia yote ya ISN ambapo shirika linasema ukweli usiohaririwa: msomaji habari anageuka kuwa habari, na tukio halipati nafasi ya kukatwa na kuungwa. Kisha kimya. Tamthilia inaonekana kudokeza kwamba ukweli wa aina hiyo hauwezi kudumu katika utanzu wa habari. Unadumu kwa dakika chache tu, wakati utanzu wenyewe unapovunjika.

5.0 ISN ya kiimla: ukweli uliopangwa upya

ISN inarejea hewani chini ya mamlaka ya Clark, na katika sehemu ya "The Illusion of Truth" ya mwaka wa 1997 inamtuma mwandishi wa habari Dan Randall kituoni. Randall hajifanyi kuwa huru. Anakiri kwamba shirika lake linabanwa, na anajenga hoja yake juu ya ukiri huo: akiruhusiwa kupiga picha, ataweza kupenyeza japo ukweli kidogo. Sheridan anakubali. Muundo wa sehemu hii ndio hoja yake. Katika nusu ya kwanza mtazamaji anayaona matukio yakitokea mbele ya kamera ya tamthilia. Katika nusu ya pili anakiona kipindi ambacho ISN imekitengeneza kutokana na matukio yale yale.

Karibu kila kitu katika kipindi hicho kilitokea. Watu waliogandishwa katika maabara ya Daktari Franklin wapo: ni watu wenye kipawa cha kusoma mawazo ambao wamewekwa humo mpaka ipatikane tiba. Katika mpangilio wa Randall wanakuwa mateka wa majaribio ya kuwageuza binadamu kuwa nusu Waminbari. Mapenzi ya Sheridan na Delenn yapo; yanakuwa dalili ya maradhi. Anatafutwa mtaalamu wa kuyapa maradhi hayo jina, na kushindwa kwa binadamu vitani kunafanywa chanzo cha wazimu unaomfanya Sheridan ampende adui wake. Sura ya Delenn, ile ile iliyomletea machozi mbele ya Torqueman, sasa ni kielelezo cha kile ambacho binadamu wote wanaandaliwa kuwa. Torqueman aliuliza swali. Randall anatoa jibu. Lakini bila swali la kwanza jibu la pili lisingekuwa na hadhira iliyokwisha kutayarishwa.

Mfano wa Michael Garibaldi unaipeleka hoja hii mbali zaidi. Garibaldi, ambaye amejiuzulu wadhifa wa mkuu wa usalama, anamweleza Randall kutoridhika kwake na jinsi Sheridan alivyobadilika. Maneno ni yake, na anayaamini. Ila baadaye katika msimu huo huo, katika "The Face of the Enemy", inafichuka kwamba akili ya Garibaldi ilikuwa imechezewa na Psi Corps, taasisi ile ile ya tangazo la mwaka wa 2259. Kwa hiyo ISN inahariri ushahidi wa mtu ambaye tayari amehaririwa. Shahidi ni mkweli, picha ni ya kweli, na kinachotokea ni uongo kamili.

Hapa methali iliyotajwa mwanzoni inakutana na mpaka wake. Njia ya mwongo ni fupi iwapo mwongo anatembea peke yake. Randall hatembei peke yake. Ameandamana na ukweli hatua kwa hatua, na anauacha mahali pamoja tu, pale picha moja inapoungwa na nyingine. Tofauti na Orwell, ambaye mhusika wake anateketeza kumbukumbu, Straczynski anaonyesha dola isiyo na haja ya kuteketeza chochote. Kumbukumbu zote zaweza kubaki, maadamu mtu mwingine ndiye anayezipanga.

6.0 Ukombozi na doa lake

Jibu la Sheridan linakuja katika "Conflicts of Interest", pia ya mwaka wa 1997. Kituo kinaanzisha matangazo yake, Sauti ya Upinzani, yakisomwa na Kamanda Susan Ivanova na kuongezewa nguvu na mitambo iliyo katika sayari ya jirani. Katika "Endgame" Clark anakufa, na yule msomaji habari aliyekatizwa mwaka wa 2260 anarejea mbele ya kamera za ISN. Duara linaelekea kufungwa.

Lakini hapa tamthilia inajipunguzia ukali wake. Sauti ya Upinzani inaendeshwa na upande mmoja wa vita, inatangazwa na ofisa wa jeshi, na habari zake zinatoka kwa kamanda ambaye ana haja ya kushinda. Masharti yote yaliyoifanya ISN ishukiwe yamo ndani yake. Mtazamaji haulizwi kuishuku, kwa kuwa amekwisha kuyaona matukio kwa macho yake kupitia kamera ya tamthilia na anajua kwamba Ivanova anasema kweli. Mwenye macho haambiwi tazama. Tatizo ni kwamba macho hayo ni zawadi ya mtunzi. Raia wa Dunia katika hadithi hana macho hayo. Yeye ana matangazo mawili yanayopingana, yote mawili yenye sauti ya uhakika. Hali yake ndiyo hali ya mtazamaji yeyote wa habari halisi, na tamthilia haikai naye kwa muda wa kutosha.

Inaonekana Straczynski mwenyewe alilihisi doa hili, kwani sehemu ya kufunga msimu wa nne, "The Deconstruction of Falling Stars", inarudi kulikabili. Inaanza na ISN iliyokombolewa mwaka wa 2262, ambamo wachambuzi wanaujadili muungano mpya wa Sheridan kwa kejeli na kujiamini. Hakuna anayewalazimisha. Miaka mia moja baadaye wasomi wa chuo kikuu wanamjadili Sheridan kwa namna hiyo hiyo, wakipunguza thamani ya matendo yake kwa istilahi za kitaaluma, mpaka Delenn mzee anapotokea na kuwaambia kwamba hawajui wanachokisema. Mwaka wa 2762 dola nyingine inaziumba upya sura za mashujaa hao kwa mitambo ili ziigize maovu ambayo hawakuyatenda. Mfuatano huu ni wa makusudi: mchambuzi huru, msomi na mpiga propaganda wamewekwa katika mstari mmoja. Hawalingani kwa dhambi, lakini wote watatu wanalifanyia tukio lililopita kazi ile ile ya kuchagua, kukata na kupanga.

7.0 Hitimisho

Historia ya ISN, basi, si ngano ya kutekwa na kukombolewa. Ni historia ya mbinu zinazohama kutoka kwa bwana mmoja hadi mwingine. Swali la ukatili lililoulizwa katika uhuru lilipata jibu katika udikteta. Nafasi iliyouzwa kwa tangazo ilimfungulia mlango aliyekuja kuzichezea akili za mashahidi. Na uhuru uliporejea, kejeli ya wachambuzi ilichukua mahali pa amri. Udikteta wa Clark ulihitaji kuiteka studio mara moja tu. Zana zilizokuwamo studioni alizikuta tayari.

Kutokana na hayo, kazi ya mhakiki haiishii katika kuuliza kama habari ni ya kweli au ya uongo, kwani kipindi cha Randall kingeweza kulipita jaribio hilo kwa sehemu kubwa. Taarifa ya habari ina usimulizi, ina msuko, ina wahusika na ina kilele, na yafaa ihakikiwe kwa zana zile zile zinazotumika kuhakiki hadithi: nani anasimulia, nini kilitangulia picha hii, nini kiliifuata kabla haijakatwa, na swali gani liliulizwa kupata machozi haya. Onyo la "The Deconstruction of Falling Stars" linawahusu wahakiki pia. Meza ya wasomi wa mwaka wa 2362 haikuzungukwa na waongo. Ilizungukwa na watu waliokuwa na kumbukumbu zote mbele yao, na ambao hawakuona haja ya kumsikiliza shahidi aliyekuwa bado hai.